Bahari Ipo, Njia Ndiyo Hakuna: Mwongozo kwa Mtalii Atokaye Namtumbo

Kila anayerudi Namtumbo kutoka Dar es Salaam huulizwa swali lile lile, iwe na mjomba, iwe na muuza vocha: "Bahari umeiona?" Na kila anayeulizwa hujibu ndiyo. Mwongozo huu ni kwa wale wachache ambao wangependa jibu hilo liwe la kweli.

Msidhani ni kazi nyepesi. Dar es Salaam ni jiji la bahari kwa ramani. Sensa ya 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 5.3, na ukiwauliza mara ya mwisho walilowa miguu lini, wengi watakutajia mvua za masika na mafuriko ya Jangwani. Mtalii aliyekuja kwa ndege hupelekwa ufukweni na gari la hoteli. Wewe utapelekwa na mtoto wa shangazi ambaye naye hajafika. Kwa hiyo fuata hatua hizi kwa utaratibu, usiruke hata moja.

Hatua ya kwanza: njia na mzigo

Namtumbo imewekwa mahali pazuri pa kuchagulia njia. Ukielekea magharibi, kilomita kama 70 zinakufikisha Songea. Hapo unapanda basi la alfajiri, unapita Njombe, Makambako, Iringa, Mikumi na Morogoro, na mgongo unakufahamisha kila kituo. Ukielekea mashariki unapita Tunduru, Masasi na Lindi, unavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, kisha unaingia jijini kwa mlango wa Mbagala.

Njia hii ya pili ina kasoro moja kubwa. Ukikaribia Lindi, bahari inajitokeza yenyewe dirishani, tena bure, hata kabla hujaanza kutalii. Ukiiona hapo, gharama zote zilizobaki zitakosa sababu. Wasafiri wenye busara hufunga pazia na kusinzia.

Kuhusu malazi: mgeni wa hoteli hulipa kwa kadi, wewe utalipa kwa kiroba. Beba mchele, karanga, asali ya msituni na, kama konda ana roho nzuri, jogoo mmoja aliyefungwa miguu. Daraja la chumba chako litategemea uzito wa mzigo. Mwenye gunia hulala chumbani kwa watoto, watoto wakahamishiwa sebuleni. Mwenye mfuko wa rambo hulala sebuleni na televisheni haizimwi mpaka tamthilia iishe. Aliyekuja mikono mitupu huulizwa siku ya kwanza, kwa upole kabisa, amekata tiketi ya kurudi ya lini.

Ukiulizwa kwenu wapi, sema Songea. Ukisema Namtumbo utaulizwa iko upande gani wa Songea, na mwisho wake utachora ramani kwenye vumbi. Ukibanwa sana, sema "kule kwenye urani," yaani mradi wa Mto Mkuju. Hapo watakuelewa mara moja, watakutazama kama mwenye hisa, na bili ya chipsi kuku itasogezwa upande wako.

Hatua ya pili: kujua Mbezi ni zipi

Binamu yako alikuambia kwenye simu kwamba anakaa Mbezi. Ulitafuta kwenye simu ukaona Mbezi Beach, ukaona minazi, ukanunua kaptula. Pole.

Kuna Mbezi ya Barabara ya Morogoro, yenye vilima, vumbi na Kituo cha Mabasi cha Magufuli kilichofunguliwa mwaka 2021. Na kuna Mbezi Beach ya Barabara ya Bagamoyo, huko ndiko kwenye maji. Kati ya hizo mbili kuna safari nzima, na binamu yako anakaa ile ya kwanza. Binamu wa kila mtu anakaa ile ya kwanza. Tena hakai hapo stendi: utashuka, utapigiwa simu, utaambiwa uchukue bodaboda mpaka Makabe au Malamba Mawili, ushuke penye duka la dawa, umuulize mama anayeuza maandazi. Ukitoka hapo bado kuna mteremko.

Usimlaumu binamu. Alinunua kiwanja kile kwa jasho, na hakusema uongo popote. Ni wewe uliyejiongezea Beach.

Wala usidhani wa Mbezi Beach wenyewe wamemaliza matatizo. Huko nako kuna walio juu ya barabara na walio chini ya barabara. Walio juu huona magari. Walio chini huona ukuta wa jirani yao anayeiona bahari. Upepo ndio pekee unaogawiwa sawa kwa wote, na huo nao hutafuna mabati.

Hatua ya tatu: Kariakoo, bila kukosa

Hakuna aliyewahi kuitalii Dar es Salaam bila kupelekwa Kariakoo kwanza. Mwenyeji atasema, "Tupitie Kariakoo mara moja tu, halafu twende beach." Sentensi hiyo imeizuia mikoa yote isiione bahari.

Ukiwa huko, tenga dakika moja ulitazame jengo la Soko Kuu, lile lenye paa la miamvuli ya zege. Lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, likaanza kazi katika miaka ya 1970, likaungua moto Julai 2021, likakarabatiwa. Ni moja ya majengo mazuri ya kisasa nchini na hakuna anayelitazama, kwa sababu ukiinua macho juu Kariakoo, simu yako inabadili mmiliki.

Kanuni za mtaa ni chache. Ukiitwa "bosi," bei imepanda. Ukiitwa "shemeji," imepanda zaidi. Ukioneshwa simu mpya kabisa kwa bei ya majani ya chai, jua kwamba ndani ya boksi kuna kipande cha sabuni, na wala si sabuni nzuri. Na ukinunua kitu, usimwambie mwenyeji bei uliyonunulia. Atakutajia duka ambalo ungekipata kwa nusu, na usingizi wa siku hiyo umekwisha.

Ukitoka hapo ni saa kumi na moja jioni. Mwenyeji anasema, "Basi beach kesho." Kesho ni kazini.

Hatua ya nne: Posta, kwa wanaopenda elimu

Siku nyingine panda mwendokasi, mabasi yaliyoanza kazi mwaka 2016 kwa nia ya kuondoa msongamano barabarani. Nia imetimia: msongamano umehamia ndani ya basi. Simama wima, kumbatia begi lako kifuani, utafika Kivukoni umepigwa pasi.

Katikati ya jiji utaiona sanamu ya Askari, ya shaba, iliyosimamishwa na Waingereza mwaka 1927, singe yake ikielekea bandarini. Pale pale palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 wakaiondoa. Likumbuke jina hilo la Wissmann, tutalikuta tena mahali usipotarajia.

Kutoka hapo ni hatua chache hadi Makumbusho ya Taifa, yenye habari za Zinjanthropus, fuvu lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Ingia, jisomee, tikisa kichwa. Halafu akija mtu akakuuliza kuhusu Makumbusho ya Majimaji pale Songea, mahali waliponyongwa Nduna Songea Mbano na wenzake mwaka 1906, badilisha mazungumzo haraka. Umepita nje ya makumbusho yale tangu shule ya msingi na hujaingia. Hii ndiyo maana halisi ya utalii: kulipa nauli kubwa ili ujifunze habari za kwa watu.

Kama una nguvu zaidi, nenda Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama. Humo wamejenga nyumba za asili za makabila mbalimbali: kuta za udongo, paa la nyasi, mlango mfupi wa kukunyenyekeza, kinu nje. Utalipa kiingilio, utainama, utaingia, utakuta ni jiko la bibi yako. Piga picha hata hivyo. Bibi atafurahi kusikia kwamba jiko lake linalindwa na mlinzi.

Hatua ya tano: Feri na Kigamboni

Sasa unakaribia maji, na utaijua dalili kwa pua kabla ya macho. Soko la samaki la Feri ndipo bahari inapouzwa kwa mnada. Nenda asubuhi, simama pembeni, na usijikune sikio wala kuinua mkono kumsalimu mtu, usije ukarudi Mbezi na ndoo ya vibua. Supu ya pweza hapo ni halali yako, na maneno yanayosemwa juu ya faida zake kwa wanaume utayachuja mwenyewe.

Kisha vuka kwenda Kigamboni. Njia zipo mbili. Ya kwanza ni Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016, lina urefu wa mita 680, na mwenye gari hulipia kuvuka. Ya pili ni kivuko cha Magogoni, na hiyo ndiyo ya mtalii wa kweli. Utasimama kwenye banda na umma wote wa Kigamboni, geti litafunguliwa, utabebwa na watu mpaka ndani bila kutumia miguu yako. Safari yenyewe ni ya dakika chache tu. Hata hivyo tumia nafasi hiyo kusema kwa sauti ya kawaida, "Nilikuwa baharini." Ni kweli tupu, na hakuna mahakama itakayokupinga.

Ng'ambo kuna fukwe nzuri za Mjimwema na kuendelea kusini, mchanga mweupe, minazi, viti vya kulalia. Kila moja ina geti, na kila geti lina kijana mwenye kitabu cha risiti. Kiingilio kingine ni cha kinywaji, yaani unalipa halafu unarudishiwa kwa soda. Hesabu hiyo ni nzuri ukiwa peke yako. Ukiwa na shangazi, watoto wa shangazi, na jirani aliyesema anasindikiza tu, ni nauli yako ya kurudi.

Na hapa ndipo mtu wa Namtumbo hukutana na jambo ambalo hakuonywa. Ametoka mbali, amelipa, amevua viatu, na bahari haipo. Imekupwa. Imerudi nyuma huko, imeacha majani, matope na kaa wanaomshangaa. Mto Ruvuma hauna tabia hiyo. Ukiuacha asubuhi, jioni unaukuta. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua huondoka mbali kweli. Muulize mvuvi saa ya maji kujaa kabla hujalipa. Mlinzi wa geti hatakuambia. Yeye anauza geti.

Hatua ya sita: Oysterbay, Masaki na fumbo la mita 60

Peninsula ya Msasani imezungukwa na bahari pande tatu, na ni mahali pagumu kuliko pote kuiona. Utatembea Masaki ukisindikizwa na kuta, maua juu ya kuta, nyaya za umeme juu ya maua, na mlinzi anayekuuliza kama umepotea. Usimjibu vibaya. Inawezekana ni wa Songea. Watu wetu wamelinda mageti ya jiji hili kwa muda mrefu, na wakati mwingine salamu ya nyumbani hufungua kisichofunguliwa na hela.

Lakini kabla ya hapo ujue haki zako, maana mtalii aliyeelimika hufukuzwa kwa heshima zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa bahari, ziwa au mto. Ni sheria nzuri. Ukitaka kuipima, chukua futi kamba, anzia majini, hesabu kuelekea nchi kavu. Maeneo mengine utapita kwenye bwawa la kuogelea, baa, meza za harusi na sehemu ya jiko kabla hujafika 60. Hapo ndipo atakapokuja bwana mwenye redio ya mkononi kukuuliza wewe ni mgeni wa chumba namba ngapi.

Usibishane naye kuhusu kifungu. Agiza chai. Ukisoma bei yake utaelewa kwamba chai ndiyo kiingilio, majani wamekuongezea tu.

Hatua ya saba: Coco, siku ya Jumapili

Baada ya mageti yote hayo unafika Coco Beach, Oysterbay, ufukwe ambao bado unaingia kwa miguu yako bila risiti. Ndiyo maana jiji lote liko hapo. Jumapili jioni utakuta wanafunzi, mafundi, wapendanao waliogombana, watoto wanaopanda farasi mmoja kwa zamu, na mihogo ya kukaanga inayopasuliwa katikati ikamiminiwa chachandu. Kula huo muhogo kwa heshima, hata kama umeondoka Namtumbo ukikimbia mihogo. Huku unaitwa kitafunwa.

Kuogelea ni habari nyingine. Pwani ya Coco ina mawe, mikondo yake ina nguvu, na maji yakijaa mchanga hubaki kidogo. Imewahi kuchukua watu waliojua kuogelea kuliko wewe uliyejifunzia Mto Luegu. Hapa kejeli inawekwa pembeni: ingia mpaka magotini, usivuke hapo, na mtoto asiachiwe mtoto mwenzake.

Ukiwa hapo geuka ulitazame Daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022, linalokatiza juu ya maji kwa zaidi ya kilomita moja. Jioni watu hulifanyia mazoezi na kupigia picha. Ndilo eneo pekee la jiji ambako serikali imejenga kitu baharini na wananchi wakaachwa wapite bila kuulizwa namba ya chumba.

Hatua ya nane: visiwa, kama bado una kitu mfukoni

Mbudya na Bongoyo ni hifadhi za bahari tangu 1975. Boti za Mbudya huondokea upande wa Kunduchi, za Bongoyo upande wa Msasani. Raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nje, kwa hiyo beba kitambulisho cha taifa; na kama chako bado ni namba tu kwenye karatasi, beba karatasi. Maji ya huko ni safi, samaki wa kuchoma wapo, kivuli kipo. Ni kuzuri kweli kweli, na hakuna mzaha wa kuongeza hapo isipokuwa kwamba mwenyeji wako, aliyezaliwa Temeke, atakuwa anapiga picha nyingi kuliko wewe.

Hatua ya tisa: kurudi na taarifa

Ukirudi, taarifa yako iwe fupi: bahari ni kubwa, maji ni ya chumvi kweli, watu ni wengi. Usitaje geti, usitaje chai, usitaje Makabe. Usimwambie mtu kwamba muda mwingi ulikuwa Kariakoo. Wote waliokutangulia wamenyamaza, na wewe ukisema utaonekana ndiye uliyeshindwa.

Onyo: msiende Mbamba Bay

Mwongozo haukamiliki bila kutaja mahali pa kuepuka. Upande wa pili wa mkoa wetu huu huu wa Ruvuma, katika Wilaya ya Nyasa, kuna mji unaitwa Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa. Kutoka Namtumbo unapita Songea, unapanda hadi Mbinga kwenye kahawa na mashamba ya ngoro ya Wamatengo, kisha unateremka kwa lami kilomita kama 66 mpaka mwisho wa barabara. Jumla haifiki kilomita 250. Asubuhi unaondoka, mchana uko mchangani.

Ubaya wa mahali hapa hauhesabiki. Maji hayana chumvi, kwa hiyo huna cha kuwasimulia watu. Hayakupwi, kwa hiyo huna cha kusubiri. Ziwa lina kina cha karibu mita 700, na spishi za samaki wake zinazidi za ziwa lingine lolote duniani. Wale wadogo wa rangi husafirishwa nje wakafugwe kwenye matangi ya vioo ya watu wa Ulaya, ambao hulipa ili watazame kile ambacho mtoto wa Mbamba Bay hukiona akioga. Mbasa wa kuchoma hana jina la Kifaransa. Foleni hakuna. Ukikaa mchangani anayekuja ni mzee wa kukusalimu, na itakubidi uamke useme shikamoo.

Historia nayo ni ya kukatisha tamaa. Kule Liuli, kaskazini kidogo kwa Mbamba Bay, Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliifyatulia mzinga meli ya Wajerumani iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Meli hiyo iliitwa Hermann von Wissmann, yule yule wa pale Posta. Nahodha wake, Berndt, hakuwa amepata habari kwamba vita imeanza. Alipanda kimtumbwi akaenda kumuuliza rafiki yake Rhoades, nahodha wa Waingereza, kama amelewa. Akatekwa. Wanahistoria huhesabu tukio hilo miongoni mwa mapambano ya kwanza ya majini ya Vita Kuu ya Kwanza, na lilitokea mkoani kwetu, wakati sisi tunakwenda Posta kutazama palipong'olewa sanamu.

Kwa haki, kuna hatari za kweli: uliza wenyeji wapi pana mamba na wapi pana kichocho kabla hujaingia majini. Watakuambia bila kukudai, jambo ambalo kwa mtalii aliyezoea Dar es Salaam linatia shaka.

Kwa hiyo msiende. Na kama kuna aliyeshindwa kabisa kujizuia akaenda, basi asipige picha, asiitume kwenye kundi la ukoo, na akiulizwa alikuwa wapi aseme alikwenda msibani Mbinga. Wenye pesa wakishajua, mwaka unaofuata utakwenda ukakute geti, na kijana wa kitabu cha risiti atakuwa mpwa wako.